Ukiwa na Minivani Kuukuu, Unalipia Kufungua

Mtu akiniambia anataka kununua minivani iliyokwisha kutembea kilomita laki mbili na zaidi, huwa namwomba jambo moja kabla hajapatana bei: afungue boneti, aangalie nafasi iliyopo kati ya injini na ule ukuta unaoitenganisha na abiria. Kama mkono haupiti pale, ajue pesa zake zitakwenda wapi. Nimeishi na gari la aina hii miaka mingi. Limebeba watoto, wazee, magodoro na mizigo ya kuhama nyumba, na nalipenda kwa dhati. Ila risiti zake zimenifundisha kwamba bei ya spea haikuambii utalipa nini. Kinachokuambia ni mahali spea yenyewe ilipojificha.

Chukua plagi. Kwenye minivani nyingi zenye injini ya V6, injini imewekwa kwa ubavu, silinda tatu zikitazama mbele na tatu zikitazama ule ukuta. Plagi tatu za mbele fundi anazitoa bila kutoka jasho. Za nyuma hazionekani kabisa. Kwa magari mengi lazima kwanza aifungue manifodi ya kuingiza hewa, achomoe hosi na soketi za waya moja baada ya nyingine, ndipo azifikie. Gasketi za manifodi nazo zikishatoka zinataka mpya. Kwa hiyo plagi, ambazo dukani ni spea ndogo, zinageuka kazi ya nusu siku. Wapo mafundi watakaobadilisha tatu za mbele tu na kukurudishia ufunguo, na gari litaonekana limepona kwa muda. Mimi humwambia fundi mapema: manifodi ikishatoka tunabadilisha plagi zote sita, tunapima koili za nyuma zinazozipa plagi umeme, tunakagua vali ya kupumulia ya injini na kila hosi iliyokuwa imefichwa hapo. Hosi iliyokakamaa ikibadilishwa siku hiyo, unalipa bei ya hosi. Ikipasuka mwezi ujao, unalipa hosi na ufunguaji wote upya.

Mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mwendo wa pistoni na vali, unafuata hesabu hiyohiyo, ila hapa kinachochezewa ni injini nzima. Baadhi ya injini zina cheni, na cheni inayopata oili safi kwa wakati hudumu sana. Zenye mkanda wa mpira, watengenezaji wengi huagiza ubadilishwe mahali fulani kati ya kilomita 100,000 na 160,000, au baada ya miaka kadhaa hata kama kilomita hazijafika, kwa sababu mpira huzeeka gari likiwa limesimama. Injini nyingi ni za aina ambayo mkanda ukikatika, pistoni hukutana na vali na kuzipinda. Muuzaji akisema "ulishabadilishwa" na hana karatasi wala stika ya kuonyesha kilomita, mimi huhesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo naiondoa kwenye bei ya kununulia. Siku ya kuubadilisha ndiyo siku ya kubadilisha tensheni yake, puli zake, sili za mbele, na wota pampu kama inazungushwa na mkanda huohuo. Pampu ile ikianza kuvuja baadaye, fundi atarudia kazi ileile kuanzia bolti ya kwanza. Kwenye risiti yangu, kazi ilikuwa ghali kuliko vifaa vyote vikiwekwa pamoja, na sikusikitika hata kidogo kuongeza pampu.

Sasa joto. Hapa nataka kukaa kidogo, maana nimeona minivani nzuri zikienda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, iliyokuwa inapungua kidogo kidogo.

Gari la kawaida lina rejeta, hosi mbili kubwa, na hosi mbili ndogo za hita. Minivani nyingi zina hita ya pili nyuma, kwa ajili ya abiria wa viti vya mwisho, hivyo kuna mabomba marefu yanayopita chini ya gari hadi karibu na tairi la nyuma. Njiani kuna viungio, na vingi ni vya plastiki. Plastiki iliyopikwa na kulanti ya moto kwa miaka kumi na kitu inakuwa kavu, na ukiigusa kwa koleo inameguka. Langu lilikuwa linapungukiwa na maji bila tone hata moja kuonekana lilipoegeshwa. Fundi alinijibu kwa utulivu: "Dada, hapa huwezi kuona kitu gari likiwa limepoa. Ngoja nipige presha." Akafunga pampu ndogo ya mkono mahali pa mfuniko wa rejeta, akasukuma hadi mshale ukafika kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, akaniambia tusubiri. Mshale ukaanza kushuka taratibu. Tukaingia chini na tochi, na pale kwenye kiungio cha nyuma kulikuwa na ukoko wa kijani kibichi, umekauka kama chumvi, na katikati yake tone moja linajikusanya. Mvujo ule ulikuwa unatokea gari likiwa moto na presha imepanda tu, na upepo wa barabarani unaukausha kabla hujasimama. Kiungio chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba.

Ndiyo maana nasisitiza mfuniko wa rejeta, kifaa ambacho watu hawakijali. Kazi yake ni kushikilia presha. Ukishikilia takriban baa 1 juu ya ile ya hewa, maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100, na kulanti iliyochanganywa vizuri huvuka hapo. Sili yake ikilegea, gari litachemsha kwenye foleni na kwenye mlima hata kama rejeta na feni ni nzima. Mfuniko hupimwa kwa pampu ileile. Na tafadhali, mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa kitambaa. Ukiufungua, presha inatoka kwa mkupuo, na maji yaliyokuwa yamezuiliwa yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Nimemwona mtu aliyeungua kwa njia hiyo na sitaki kumwona mwingine.

Geji ya joto ikianza kupanda barabarani, zima kiyoyozi, washa hita na feni yake hadi mwisho, kwa sababu hita nayo ni rejeta ndogo inayotoa joto kwenye injini, kisha tafuta mahali salama usimame na uzime. Kusema "nakaribia kufika" ndiko kunakoua silinda hedi, kile kipande kizito kinachofunika silinda kwa juu. Hedi za siku hizi ni za aluminiamu, na aluminiamu ikipashwa kupita kiasi inapinda. Gasketi iliyo chini yake inaachia, na kuanzia hapo dalili ni moshi mweupe wenye harufu tamu, mapovu kwenye chupa ya akiba ya maji, au hosi ya juu ya rejeta kuwa ngumu asubuhi kabla injini haijapata moto. Kabla ya kukubali kufunguliwa hedi, dai kipimo cha kemikali: dawa ya buluu huwekwa kwenye chombo juu ya mdomo wa rejeta, hewa inayotoka ndani hupitishwa humo, na kwa injini ya petroli dawa ikigeuka njano, moshi wa mwako unaingia kwenye maji. Ni kipimo cha dakika chache na kinakuokoa na kubahatisha.

Hedi ikishathibitika, gasketi yenyewe ni sehemu ndogo ya bili. Utalipa kufungua, kupeleka hedi kwenye mashine kusawazishwa uso, kuipima kama ina ufa, bolti mpya kwa injini ambazo bolti zake hutanuka na hutumika mara moja tu, oili, kulanti, na kufunga tena. Kwa V6 kuna hedi mbili, na mara nyingi haina maana kutengeneza moja. Hapo ndipo mtu anatakiwa kukaa na karatasi na kulinganisha na injini iliyotumika kutoka gari lililogongwa nyuma. Wakati mwingine bei zinakaribiana sana. Mimi ningechagua kutengeneza hedi kama gari halikuendeshwa likiwa linachemsha na kama oili haijachanganyika na maji. Nikikuta oili imekuwa kama maziwa kwenye kijiti cha kupimia, ningetafuta injini nyingine, kwa kuwa beringi za kranki zimeshapakwa maji badala ya oili.

Giaboksi ya otomatiki ndiyo inayoogopwa kuliko vyote, na hofu hiyo ina sababu yake. Minivani tupu ina uzito wa karibu tani 2. Pakia watu saba na mabegi, umeongeza zaidi ya nusu tani. Giaboksi nyingi za minivani zimetoka familia moja na zile za saluni za kampuni hiyohiyo, ila kazi yake ni nzito zaidi. Uzito unaleta joto, na joto linachosha oili. Kuna vitabu vya magari vinavyosema oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. Mimi sikubaliani. Langu linabadilishwa kila kilomita 60,000 au kabla, kwa oili ya aina ileile iliyoandikwa na mtengenezaji. Hapo hakuna mbadala: giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, inataka oili yake, na ukiiwekea nyingine unaiua. Jua pia kwamba ukifungua bolti ya chini, inatoka sehemu tu ya oili, nyingine inabaki kwenye tokikonveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Kwa gari ambalo halikutunzwa, mafundi wenye busara hubadilisha kwa awamu, wanaendesha kidogo, wanarudia, badala ya kuosha kwa nguvu siku moja.

Dalili ya kwanza iliyonishtua ilikuwa mtetemo mwepesi gari likiwa kwenye kasi ya kawaida, mguu ukiwa umetulia kwenye mafuta, kama tairi zinapita juu ya matuta madogo sana. Ilitokea pale tokikonveta inapojifunga ili kupunguza upotevu wa mafuta. Wa kwanza niliyemwonyesha alisema giaboksi imekwisha. Wa pili akachomoa kijiti, akaweka oili kwenye karatasi nyeupe, akanusa. Rangi ilikuwa kahawia lakini haikuwa na harufu ya kuungua, na hakukuwa na unga wa chuma. Akabadilisha oili na chujio, mtetemo ukaisha. Kama oili ingekuwa nyeusi, inanuka kuungua, na gia inateleza injini ikipandisha mzunguko bila gari kwenda, oili mpya isingesaidia. Hapo kuna kuifumua na kuijenga upya au kuweka nyingine, na kabla ya yote mawili ni haki yako fundi apime solenoidi (vali ndogo za umeme zinazoongoza gia) na waya zake, maana hizo mara nyingi hubadilishwa bila kushusha giaboksi. Kuishusha na kuipandisha tu ni gharama inayojitosheleza.

Kuna uhusiano mmoja ambao ningetamani kila mwenye gari la aina hii aujue. Kwenye magari mengi, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozungukwa na kulanti. Rejeta ikizeeka, bomba lile linaweza kutoboka ndani, na oili na maji vikakutana. Ukifungua chupa ya akiba utaona uji wa waridi. Klachi za giaboksi zimebandikwa kwa gundi, na maji yanaiharibu gundi hiyo kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo sikusubiri rejeta yangu ivuje. Ilipoanza kuonyesha unyevu kwenye maungio ya plastiki na alumini, niliibadilisha, na fundi akaongeza kipozi cha nje cha oili mbele yake. Rejeta mpya ni pesa, lakini iweke kando ya bei ya giaboksi uone.

Milango ya kuteleza wenye saluni hawaijui kabisa. Ina rola juu, katikati na chini, na ile ya katikati pamoja na ya chini ndizo zinazobeba uzito. Fungua mlango nusu, ushike ukingo wake wa nyuma, uuinue. Mlango ukicheza juu na chini, rola imekwisha. Mlango ukiwa wa umeme kuna mota na waya za chuma za kuuvuta, na hizo huuzwa kama kifurushi kimoja. Ili kukifikia, fundi anatoa viti, mikanda na ubao wote wa pembeni. Mimi nilipoulizwa, nilichagua kuukata umeme na kuufungua kwa mkono, nikabadilisha rola pekee. Nyaya za umeme wa mlango nazo hujikunja kila ukiufungua, na siku moja shaba hukatika ndani ya ganda lake. Dalili ni kioo au loki kufanya kazi mlango ukiwa mahali fulani na kukataa ukiwa pengine. Safisha reli kwa brashi mara kwa mara, mchanga na makombo ya watoto huila rola kama msasa. Jambo moja silipi nafasi: mlango ambao loki yake haishiki hadi mwisho hausafiri na mtoto, hata kwenda karibu.

Miguu ya gari nitaisema kwa haraka. Kelele ya "tok tok" kwenye matuta mara nyingi ni stabilaiza linki, kifimbo kidogo cha karibu na tairi, spea rahisi na kazi ya muda mfupi. Mvumo unaobadilika ukikata kona ni beringi ya tairi. Boljointi iliyolegea haisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu ikichomoka tairi linalala. Ukishafungua huku mbele, alaimenti ni lazima, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja. Na ukinunua tairi, soma namba ya uwezo wa mzigo isiwe chini ya ile ya mtengenezaji, halafu tafuta tarakimu nne za mwisho pembeni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Taa ya injini inawaogofya watu, na wapo wanaojipatia pesa kwa hofu hiyo. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na Ulaya tangu 2001, yana soketi ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu, chini ya dashibodi, na mashine ndogo ya kusomea ni moja ya vitu bora nilivyonunua. Lakini kodi haitaji spea. P0420 inasema masega ya egzosi hayasafishi moshi vya kutosha. Inaweza kuwa masega yamekwisha, na inaweza kuwa egzosi inavuja kabla ya sensa, au sensa yenyewe. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo ukibadilisha kwa kubahatisha unalipa sana. Kinachoyaua mara nyingi ni injini inayomisi: petroli isiyoungua kwenye silinda inakwenda kuungulia ndani yake. Taa ikiwa inawaka na kuzima kwa mfululizo, hiyo ndiyo maana yake, punguza mwendo na usimame mapema. Koili moja iliyoachwa inamisi inaweza kukugharimu masega.

Kiyoyozi cha nyuma kina mabomba ya alumini yanayopita chini pamoja na yale ya hita, na hutoboka kwenye vibanio vinavyoshika matope. Tundu la nyuma linamaliza gesi yote, hata ya mbele. Kujaza gesi kila msimu bila kutafuta tundu ni kuilipia hewa. Kama hubebi watu nyuma kila siku, uliza bei ya kuyaziba mabomba ya nyuma karibu na injini. Ni suluhisho halali.

Kwa fundi yeyote mpya nauliza mambo matatu: spea ni kiasi gani, kazi ni saa ngapi, na akishafungua atakutana na nini kingine. Jibu la tatu ndilo linalonionyesha kama amewahi kulifungua gari hili. Naomba pia spea ya zamani irudi mkononi mwangu. Spea iliyotumika naikubali kwenye kioo, taa, mlango na kiti, lakini kifaa kinachokaa ndani ya injini au nyuma yake nanunua kipya, kwa kuwa sitaki kulipia saa zilezile tena.

Kinachonifanya niikatae minivani moja kwa moja ni kutu. Injini na giaboksi hubadilishwa. Chuma cha chini ya milango ya kuteleza, na pale mikono ya nyuma inayoshika tairi inapofungwa kwenye bodi, kikishaliwa hakuna kazi ya uaminifu inayokirudisha kwa bei inayoeleweka. Nabeba bisibisi, nagonga kwa mpini, na panapotoa sauti ya bati laini nabonyeza. Ikizama, namshukuru mwenye gari na kuondoka, hata kama injini inanguruma vizuri na bei imeshushwa.

Langu bado ni zima huko chini. Kazi inayofuata ni bushi za wishiboni za mbele, ile mikono inayoshika tairi, na kwa kuwa fremu ndogo ya mbele itashushwa, nimeshanunua zile hosi mbili za stelingi zinazopita juu yake.